Siku Bunduki ya Baba Ilipolia Yenyewe

Tulipomaliza arobaini ya Baba, mimi na mdogo wangu Kasto tulipeleka bunduki yake polisi, Songea mjini, kwa sababu kibali kilikuwa na jina lake na mwenye jina hakuwepo tena. Askari aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Aliomba tumwonyeshe kama haina risasi. Kasto akanitazama mimi. Nikaielekeza chini, nikaikunja katikati kuifungua, nikasogea pembeni ili achungulie ndani ya mtutu. Harufu yake ikanifikia palepale: mafuta ya cherehani, mafuta ya taa, na chuma kilichoshikwa na mkono wa mtu mmoja kwa miaka mingi. 

"Mama, hii kazi alikufundisha nani?" askari akauliza, akitabasamu.

 Jibu lenyewe ni refu, na linaanza na kosa langu.

Tulikuwa tunaishi kijijini, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini. Wenzangu mliokulia huko mtakumbuka msimu wa mahindi mabichi ulivyokuwa: mvua zinakaribia kuisha, asubuhi ukungu umelala bondeni, na shamba limefunga hata mtu mzima akiingia haonekani. Mtakumbuka pia kwamba mahindi hayo hatukuyangoja sisi peke yetu. Ngedere na nyani walikuja mchana, nguruwe pori wakaja giza likiingia. Kundi moja la nguruwe likipita kwenye shamba, asubuhi unakuta mabua yamelala chini kama vile mtu ameburuta gogo juu yake, na magunzi yametafunwa nusu nusu. Kwetu mahindi ndiyo yalikuwa chakula cha mwaka mzima. Hakukuwa na mengine.

Kwa ajili hiyo Baba alikuwa na shotigani. Ilikuwa ya mtutu mmoja, ya kukunja katikati, yenye nyundo ndogo mgongoni ambayo huvutwa kwa kidole gumba kabla ya kupiga. Aliirithi kwa baba yake, akahangaikia kibali mpaka kikatoka kwa jina lake. Ilikaa juu ya mlango wa chumba chao, na sisi tulikatazwa hata kuinyooshea kidole. Msimu wa mahindi aliibeba kila jioni kwenda kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu shambani, akarudi alfajiri miguu imelowa, amejifunika koti, anakohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichomtia Mama wasiwasi. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno laini. Akikuonea huruma, alikugombeza. Asubuhi moja alikuwa anapuliza moto jikoni, Baba ameketi kwenye kigoda anakohoa mpaka macho yanatoka machozi, Mama akageuka na kumwambia kwa hasira, "Baba Skola, nakwambia leo. Hiyo bunduki itakuua."

Baba akacheka kidogo, akanywa uji wake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri wa kuanza darasa la pili hivi, nimekaa nyuma ya mlango napukuchua mahindi. Nilichosikia ni kwamba Mama anajua jambo. Bunduki ile, iliyokaa juu ya mlango wa chumba alimolala Baba kila mchana, ilikuwa na mpango wa kumuua. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikipita chini yake nainama, nikitazama mdomo wake mweusi.

Wiki ileile akaja Mjomba Fidelis, kaka yake Mama. Alikuwa fundi baiskeli pale Majengo, Songea mjini, mtu wa mikono myepesi na maneno mengi, na alikuwa amepitia jeshi la kujenga taifa. Akisimulia habari za jeshini unadhani alikuwa jenerali. Sisi watoto tulimpenda sana. Alipoona bunduki ilivyoshika unyevu, akasema, "Shemeji, hii unaisafisha nje tu. Uchafu uko ndani. Niachie mimi."

Baba alisitasita. Yeye alizoea kupitisha kitambaa ndani ya mtutu na kupaka mafuta juu, basi. Lakini shemeji ni shemeji. Akatoa risasi zote, akazifungia sandukuni, ufunguo akatia mfukoni, kisha akaenda kuinua mabua yaliyoangushwa. Mjomba akaketi barazani, akaomba ungo wa Mama, akaanza kufungua skrubu kwa bisbisi yake ya baiskeli. Mama akalalamikia ungo wake. Mjomba akamwambia dada yake ungo utarudi umeng'aa.

Mimi nilichuchumaa pembeni yake. Vipande vilitoka kimoja kimoja, akavilaza kwenye ungo: nyundo, kifyatulio, skrubu za kila namna, kijiti kifupi cha chuma alichokiita pini, na springi ndogo nyembamba, haizidi urefu wa punje ya muhindi. Aliviosha kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria kuukuu. Kila kimoja alikipa sifa zake, kama mtu anayetambulisha ukoo wake. Alipofika kwenye ile springi aliishika kwa vidole viwili, akaipeleka juani.

"Unaiona hii, Skola? Ndogo hivi, lakini ndiyo roho ya bunduki. Ukiitoa hii, bunduki imekufa."

Alisema kwa kunifurahisha tu. Kisha Mama akamwita aje kumsaidia kushusha gunia, akaondoka akiacha ungo mbele yangu.

Sikufikiri sana. Akilini nilimwona Baba amelala kitandani, na ule mdomo mweusi ukimtazama kutoka juu ya mlango. Nikaichukua ile springi. Gauni langu halikuwa na mfuko, nikaiweka mdomoni, chini ya ulimi. Hata leo naweza kukwambia ladha yake: chuma, mafuta ya taa, na uchungu fulani kama wa sarafu. Mjomba aliporudi aliendelea kuzungumza, nami nikatikisa kichwa tu, nimefunga mdomo. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaisukumia kwenye ufa wa tofali karibu na mtungi wa maji. Nilirudi mwepesi kabisa. Nilikuwa nimemwokoa Baba.

Mjomba aliipanga bunduki haraka haraka, akaikunja, akaikunjua, akavuta nyundo, akabonyeza. Ikalia ta! Akaridhika. "Mpya kabisa hii," akasema, akampa Baba aliporudi. Baba naye akajaribu bila risasi. Ta! Mimi nikajua ni mlio wa kitu kilichokufa.

Kesho yake alasiri, jua lingali juu ya miombo, Baba alijiandaa mapema kwenda shambani kwa sababu ngedere walikuwa wameonekana. Mama alikuwa anachagua maharage uani. Kasto, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, alikuwa anafukuza kuku. Mjomba anakunywa togwa. Baba alisogea mpaka mwisho wa ua, akatupa mgongo sote, akaelekeza mtutu chini kama alivyokuwa akifanya siku zote, akatia risasi moja, kisha akainua kitako taratibu ili kufunga.

Ikalia. Si ta. Ililia mlio wa kweli, ule wa kupasua anga, na udongo mwekundu ukaruka hadi kifuani mwake.

Nilisikia masikio yangu yakiimba. Maharage yalikuwa yametapakaa uani, na Mama amesimama mikono kichwani, "Yesu na Maria! Yesu na Maria!" Harufu ya baruti ilituzunguka, kali, kama viberiti elfu moja. Baba hakusogea. Damu ilikuwa inamtiririka mguuni, pale kokoto lilipomchana, lakini hakuutazama mguu. Aliikunja bunduki, akailaza chini, akageuka akaanza kutuita. "Mama Skola! Kasto! Skola! Shemeji!" Kila mmoja alimwita mpaka akaitika. Mbele ya miguu yake kulikuwa na shimo la kuweza kupanda mgomba.

Kisha wakubwa wakaanza kusema.

"Shemeji, umefanya nini humu ndani?" Baba aliuliza.

"Mimi? Labda uligusa kifyatulio."

"Kidole changu kilikuwa huku. Nyundo yenyewe sikuivuta."

"Mimi nimepita jeshini, shemeji. Sijaanza leo kushika silaha."

"Na nusura umzike dada yako leo."

  Mjomba alisimama, akaweka kikombe cha togwa chini, akaenda kufunga mzigo wake kwenye baiskeli. Mama alimfuata mpaka njiani akimsihi. Aliporudi alipita mbele ya Baba bila kumtazama, akaokota maharage yake moja moja.

Ndani ya kichwa changu mambo yaliharibika kabisa. Niliwahi kumwona kuku aliyekatwa kichwa akikimbia uwanja mzima kabla ya kuanguka. Nikaamini bunduki ile ndivyo ilivyokuwa: nimeitoa roho, na sasa inatembea imekufa, inapiga bila kuamriwa. Kuirudishia roho yake niliogopa, maana ingemjua aliyeichukua. Usiku huo na siku iliyofuata chakula kilinikataa.

Baba naye alikuwa anaumia kwa namna yake. Shambani alikwenda na debe bovu na kipande cha chuma, akawa anapiga kelele. Nguruwe si wajinga. Siku ya pili yake tulikuta mistari minane ya mahindi imelazwa. Mama aliyatazama mabua yale, akazungumza na Baba kwa mara ya kwanza tangu Mjomba aondoke. "Tutakula nini sisi?"  Baba alirudi nyumbani, akaketi barazani na ile bunduki, haina risasi, akaanza kutafuta.

Nataka mjue alivyotafuta, kwa sababu huo ndio urithi wangu. Hakuitikisa wala kuitukana. Alianza na kifyatulio, akakibonyeza polepole mara kumi, akisikiliza. Kizima. Akaja kwenye nyundo, akaivuta na kuiachia kwa kidole. Nzima. Akasema labda mafuta yameganda ndani, akadondosha mafuta ya taa, akasubiri, akafuta kwa bua la nyasi. Hakuna kitu. Aliinua bunduki sawasawa, akaukagua ule uso wa chuma ambao risasi huegemea, wenye tundu dogo katikati. Tundu lilikuwa tupu, kama linavyotakiwa.  Kisha akafanya kama alivyofanya siku ile: mtutu chini, kitako juu.

"Skola," akaniita, "una macho makali. Njoo uangalie hapa. Unaona nini?"

Nikasogea, nikachungulia. Ncha ya pini ilikuwa inachungulia kwenye tundu. Akainua mtutu, ncha ikazama. Akauinamisha, ikatoka tena.

"Ndiyo hii," akasema, kama anayezungumza na nafsi yake. "Inatakiwa itoke ikigongwa na nyundo tu, halafu irudi. Hii inateleza. Nikifunga imeelekea chini, inakutana na kitako cha risasi. Kuna kitu kilikuwa kinairudisha ndani, na hakipo."

Akauleta ungo wa Mama, akapapasa kila ukingo. Akachekecha takataka zilizofagiliwa barazani. Akaniambia nimsaidie. Tukapiga magoti, yeye na mimi, tukapekua udongo kwa vidole, mimi natafuta kitu nilichokijua kilipo. Alikuwa ananitia moyo: "Angalia vizuri, mama, wewe huwa huna mchezo." Alipoinuka alishika kiuno, akasema kwa huzuni, "Mjomba wako ameipoteza, halafu hakusema. Mtu niliyemwamini."

Hilo ndilo sikuweza kulibeba. "Siyo Mjomba," nikasema.

Nilikimbia nyuma ya nyumba, nikaichokonoa springi kwa kijiti, nikaileta kwenye kiganja. Ilikuwa imeanza kushika kutu. Baba aliitazama, akanitazama.

"Kwa nini, Skola?"

Nililia kwanza. Kisha nikasema maneno yakigongana: "Mama alisema bunduki itakuua. Mjomba akasema hii ndiyo roho yake. Nikaitoa ili ife, isikuue."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua amefika saa ngapi. Alitoka na fimbo ya kufukuzia mbuzi, nikafumba macho. Nilisikia, "Baba Skola, huyu mtoto unamwacha hivihivi?"

"Nimeita watu wangu siku ile, wote wakaitika," Baba akasema. "Nimchape nani?"

Nilipofumbua macho, fimbo ilikuwa chini na Mama ameketi kwenye kizingiti, kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Baba akaniketisha katikati ya miguu yake. Aliifuta springi kwa mafuta ya cherehani mpaka kutu ikatoka. Akaniambia bunduki haina roho. Ina vipande, na kila kipande kina kazi, na hiki kazi yake ni kuzuia. "Ulitaka kunikinga, ukaondoa kinga. Kitu usichokijua, uliza. Ukishaharibu, sema siku hiyohiyo. Mengine tutayatengeneza." Kisha akanipa ile springi niiweke mwenyewe juu ya pini, kwa vidole vyangu, yeye akinimulikia mwanga wa jua kwa kipande cha kioo.

Hakumaliza kufunga skrubu. Alisema kuna jambo la kurekebisha kwanza. Alfajiri iliyofuata alinipakia kwenye keria ya baiskeli tukaenda Songea. Njia nzima nilikuwa nawaza atakavyonisema mbele ya watu wa Majengo.

Tulimkuta Mjomba kwenye kibanda chake, ameinamisha baiskeli ya mtu, haiimbii kama kawaida yake. "Shikamoo, Mjomba," nikasema. Akaitikia bila kuinua kichwa. Baba hakungoja kukaribishwa. Alivua kofia, akapiga goti moja pale kwenye vumbi la matairi.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi. Kosa limetoka nyumbani kwangu, na maneno mabaya yalitoka mdomoni kwangu."

Nilingoja anionyeshe kidole. Akaishia hapo. Alikuwa tayari kuondoka na lile kosa kama lake, na angelibeba maisha yake yote. Nadhani hapo ndipo nilipoacha utoto kidogo. Nikasema mimi, kwa sauti ndogo, nikaeleza yote, mpaka habari ya chini ya ulimi.

 Mjomba akakaa chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu. "Shemeji, inuka tafadhali. Tangu siku ile sijala vizuri. Kila nikifumba macho namwona Kasto na wale kuku. Sikuhesabu vipande. Ningehesabu, ningejua kimoja hakipo. Na hayo maneno ya roho niliyasema mimi." Akanivuta, akaniweka kichwa kifuani, akinuka grisi. "Umemsaidia mjomba wako, Skola. Ulimi wangu ulikuwa mrefu."

Alifunga kibanda siku ileile, akarudi nasi. Tulifika jua likiwa limeinama. Waliimaliza bunduki pamoja, wakahesabu kila kipande kwa sauti, kisha hawakuiamini. Waliifunga kwenye panda ya mti mwisho wa ua, mtutu umeelekea kichuguu, wakatia risasi, wakafunga kitako mtutu ukiwa umeinama chini, wakangoja. Kimya. Wakavuta nyundo, wakarudi nyuma ya nyumba tulipokuwa, na Mjomba akavuta kifyatulio kwa kamba ndefu. Ikalia. Kichuguu kikaruka. Wakarudia mara mbili, ndipo Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mjomba alikaa nasi mpaka mahindi yakakomaa, wakawa wanapokezana dungu, na Baba akapata kulala nyumbani. Tuliokoa sehemu kubwa ya shamba. Mwaka ule hatukulala njaa.

Lakini ninachokishukuru zaidi ni jambo dogo lililotokea jioni ile ya kwanza, walipokuwa wanajiandaa kutoka. Baba alichukua bunduki, Mjomba akachukua tochi. Mama alitoka ndani na lile koti zito la Baba. Nilimwona anafungua mdomo kama kawaida yake, anataka kugomba, kisha akaniona nimesimama pale, masikio wazi. Akafunga mdomo. Akamvalisha Baba koti, akafunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja mpaka shingoni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alipofika cha mwisho hakukiachia.

"Naogopa hicho kikohozi," akamwambia. "Nataka uzeeke hapa na mimi."

Baba akasimama pale, shemeji yake akimngoja njiani, akasema, "Nimesikia, mama." Na alizeeka.